Jibu: Mkimbizi anaweza kuajiriwa kampuni ya satelaiti

Ndugu, umeuliza kama shemeji yako, mkimbizi kutoka Bukavu aliyeko Marekani, aombe kazi kwenye kampuni ya satelaiti iliyoandika "watu wa Marekani tu". Aombe! Kisheria maneno hayo hayamaanishi raia peke yao. Mwenye grinikadi (kibali cha kuishi Marekani kwa kudumu) yumo, mkimbizi aliyepokelewa rasmi yumo, na aliyekwisha kupewa hifadhi yumo. Aliyewasilisha ombi la hifadhi na bado anasubiri, huyo hayumo.

Kinachowatisha waajiri ni hiki: kumwonyesha mgeni asiyemo kwenye kundi hilo michoro ya teknolojia inayodhibitiwa na serikali, kama ya satelaiti, hata mkiwa ofisini Texas, huhesabiwa kama kuisafirisha kwenda nchi yake. Kwa hiyo mwenye viza ya kazi huenda akahitaji kibali cha Wizara ya Biashara au ya Mambo ya Nje, na wengi hawataki usumbufu huo. Wengine huogopa kupita kiasi. General Motors ilikubali kulipa faini ya dola 365,000 mwaka 2023, baada ya Wizara ya Sheria kusema iliwadai wenye grinikadi nyaraka zisizohitajika.

Wakimkataa kwa sababu ya ukimbizi wake tu, ana haki ya kulalamika kwa Wizara ya Sheria hiyohiyo ndani ya siku 180. Asichelewe.