Kishikwambi au laptopu nyepesi?

Dada yangu, maadamu umesema kazi ni kutunza hesabu za korosho za chama cha msingi cha ushirika huko Newala na kuchapa barua, chukua laptopu nyepesi. Kishikwambi (tablet) ni kizuri kwa kusoma na kutazama video. Hata vile vya sensa ya 2022 walivyopewa walimu vinasomeka vizuri. Lakini kujaza jedwali la wakulima mia tatu kwa kidole? Utachoka, na kilo zikikosewa anayeumia ni mkulima. RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, isipungue GB 8, na diski iwe SSD, ile ya kasi isiyo na sehemu inayozunguka. Umeme ukisumbua, tafuta inayochaji kwa USB-C, ile tundu ndogo ya simu nyingi za sasa, uweze kuichaji kwa pawabenki (betri ya kubeba) ya wati 45 au zaidi.