Maswali ya wasomaji: Spika za rafu kwa amplifaya ya zamani ya wati 15

SWALI: Salamu kwenu mafundi. Nimeachiwa na marehemu mjomba amplifaya yenye redio, Pioneer SX-450. Inafanya kazi vizuri, ila haina spika. Madukani nimeambiwa mambo mawili. Muuzaji mmoja amesema wati 15 ni kidogo mno, nitafute spika zisizozidi wati 30, la sivyo hazitalia. Mwingine amenishauri ninunue sabufa, kisha zile spika zake ndogo niziunge kwenye Pioneer. Sebule yangu ni mita 4 kwa 4.5 na nasikiliza zaidi taarabu na rumba. Nichague spika gani za kuweka kwenye rafu, za bei nafuu? — Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu yetu, wauzaji wote wawili wamekupotosha. Wati zilizoandikwa nyuma ya spika hazisemi inahitaji nini. Zinasema inastahimili nini kabla koili, yaani waya uliozungushwa unaosukuma koni ya spika, haijaungua. Spika ya wati 100 inalia vizuri kwa wati 2, na jioni nyingi za kawaida hutavuka hizo 2.

Tafuta namba nyingine mbili. Ya kwanza ni desibeli, yaani ukubwa wa sauti spika inapopewa wati 1 na kupimwa umbali wa mita 1. Kwenye karatasi ya vipimo utaona maandishi kama 88 dB/1W/1m. Spika yenye namba kubwa ni nyepesi, hulia kwa umeme kidogo. Yenye namba ndogo ni nzito, hula wati. Kila desibeli 3 ni sawa na kuzidisha wati mara 2. Kwa hiyo SX-450 yako ikiwa na spika za 91 inatoa sauti sawa na amplifaya ya wati 30 yenye spika za 88, au ya wati 60 yenye spika za 85. Spika nyepesi inakupa bure kile ambacho wengine wanakinunua kwa kubadilisha amplifaya.

Tuchukue sebule yako. Wati 15 zinaongeza karibu desibeli 12 juu ya wati 1. Spika ya 88 itafika 100 kwa umbali wa mita 1. Ukikaa mita 2.5 unapoteza kama 6, spika ya pili inakurudishia 3, na unabaki na takriban 97 pale ngoma inapopiga kwa nguvu. Rumba na taarabu zilizorekodiwa zamani zina wastani ulio chini ya vilele vyake kwa desibeli 12 hivi, kwa hiyo wastani wako utakuwa kama 85. Hiyo ni sauti ya kulazimisha watu sebuleni kuongea kwa kupaza. Spika ya 83, kama zile LS3/5a za BBC zinazosifiwa sana na zilizobuniwa kwa ajili ya magari ya matangazo, itakuacha desibeli 5 chini, na ukitaka kuongeza kidogo amplifaya itaishiwa pumzi. Ni spika nzuri, ila si kwa mashine hii.

Wati zako 15, kwa taarifa yako, ni wati za kweli. Tangu 1974 sheria ya Marekani iliwataka watengenezaji watangaze nguvu inayotoka mfululizo, chaneli zote mbili zikifanya kazi pamoja. Maandishi ya PMPO ya maelfu ya wati kwenye maboksi ya sabufa hayafuati kipimo chochote kinachokubalika, kwa hiyo usiyalinganishe na chochote.

Kuna mtego mmoja. Vipimo vingi siku hizi havisemi wati 1 bali volti 2.83. Kwa spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika, tutakifikia hapa chini), volti 2.83 ni wati 1 kamili. Kwa spika ya omu 4 ni wati 2. Hivyo spika ya omu 4 iliyoandikwa 90 ni ya 87 tu ukipima kwa haki. Tena baadhi ya viwanda hupima ndani ya chumba, ambako kuta zinaongeza sauti. Namba ikionekana kubwa kupita kiasi kwa kiboksi kidogo, ipunguzie 3 kabla hujalinganisha.

Namba ya pili ni omu, alama yake Ω. Kwa amplifaya ya miaka ya 1970 tunapendekeza 8. Ya 6 inakubalika ukiwa na kiasi katika volyumu. Ya 4 iepuke: ukinzani ukipungua nusu mkondo unakuwa mara mbili, transista za kutolea sauti zinachemka, na vipuri vyake vya asili si rahisi kuvipata leo. Hapo ndipo zinapoanguka spika za sabufa. Nyingi ni za omu 4 au chini, zina kikoni kimoja kidogo kisicho na besi kwa sababu besi iliachiwa lile boksi kubwa. Ukiziunga peke yake utasikia sauti nyembamba, utapandisha nobu ya besi, na utachemsha mashine.

Kwa majina: Wharfedale Diamond 12.1 imeandikwa desibeli 88 na omu 8, nasi tungeanza na hiyo. Klipsch R-51M imeandikwa 93 na omu 8. Hata ukiipunguzia 3 bado ni nyepesi kuliko nyingi za bei yake, ingawa trebo yake ni kali na wapenzi wa fidla za taarabu waisikilize kwanza kabla ya kulipa. Elac Debut B6.2 ni 87 na omu 6, besi yake ni nzuri kwa ukubwa wake, ila inaila amplifaya zaidi. Kama bajeti hairuhusu mpya, tafuta mtumba wa njia mbili, yaani wenye wufa (koni ya besi) na twita (ya sauti za juu), wufa iwe ya inchi 6 hadi 8. Boksi kubwa kidogo karibu siku zote hutoa besi kwa wati chache kuliko boksi dogo, na kwako hilo ni muhimu kuliko sura.

Besi itafute kwa kupanga spika kabla hujagusa nobu. Kupandisha besi kwa desibeli 6 kunadai wati mara 4 kwenye sauti hizo, na kupandisha 10 kunadai mara 10. Kwa wati 15, huna mara 10. Zisogeze karibu na ukuta: ukuta wa nyuma huongeza besi bila gharama. Kama tundu la hewa liko mgongoni mwa spika, acha sentimita 15 hadi 20. Twita ziwe usawa wa masikio unapokaa.

Kabla hujaunga chochote, pima amplifaya. Bila spika, volyumu sifuri, iwashe dakika 10, kisha weka mita ya kupimia umeme kwenye milivolti za DC na uguse terminali za kila chaneli. Chini ya 50 ni salama. Ikizidi 100 usiunge spika, mpelekee fundi, maana umeme huo utasukuma koni upande mmoja na kupasha koili. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 unatosha kwa mita 5; klipu za kubonyeza za mashine hizi hazimezi waya mnene. Sokota nyuzi vizuri, uzi mmoja ukigusa terminali ya jirani ni shoti. Na kama mjomba aliileta kutoka Marekani, soma volti nyuma yake. Ikiwa ni 120, lazima ipitie transfoma ya kushushia umeme, yenye uwezo wa angalau mara 2 ya wati zilizoandikwa hapo.

SWALI: Nimeona spika za mtumba hapa mjini, bei ni nzuri, ila muuzaji hana umeme wa kuzijaribia. Nizikague vipi? — Msomaji, Mombasa

JIBU: Nenda na mita ya umeme, betri ya volti 1.5 na vipande viwili vya waya. Toa kitambaa cha mbele. Ukingo wa koni ukiwa wa sponji, uguse kidogo kwa kidole. Ukinata au kumeguka umekwisha. Pwani yetu yenye joto na unyevu haiihurumii sponji. Ukingo wa mpira hudumu zaidi. Sponji iliyokufa inabadilishika kwa ukingo mpya na gundi, lakini toa gharama hiyo kwenye bei.

Sukuma koni taratibu kwa vidole vilivyoizunguka pande zote. Ukisikia mkwaruzo, koili inagusa sumaku, iache. Kisha pima terminali: spika ya omu 8 husoma 5.5 hadi 7, ya omu 4 husoma 3 hadi 3.6. Mita isiposoma kitu, koili imekatika au waya wa ndani umechomoka. Jihadhari: kipimo hiki kinaonyesha wufa peke yake, kwa kuwa kapasita ya krosova (saketi ya ndani inayogawa sauti kati ya wufa na twita) inaizuia twita isionekane. Twita ipime kwa kufungua skrubu zake na kutoa waya mmoja.

Betri igusishe kwa sekunde moja tu, chanya kwa chanya. Koni za wufa zote mbili zitoke nje. Moja ikiingia ndani, kuna aliyegeuza waya, na ukizicheza hivyo besi itatoweka.

SWALI: Amplifaya yangu ni ya wati 15, spika ni za wati 100, lakini twita zimeungua mara 2. Inawezekanaje? — Msomaji, Mwanza

JIBU: Inawezekana sana. Amplifaya ikiishiwa nguvu, vilele vya mawimbi vinakatwa. Mkato huo unazaa sauti za juu ambazo hazikuwamo kwenye muziki, krosova inazipeleka twita, na twita ya spika ya wati 100 yenyewe hustahimili wati chache tu mfululizo.

Pengine unaamini uko salama kwa sababu nobu haijavuka nusu. Pembejeo za mashine nyingi za miaka hiyo zinahitaji milivolti 150 hivi kufikia nguvu zote, na CD hutoa hadi volti 2, mara 13 zaidi. Wati zako zinaisha nobu ikiwa robo au theluthi. Punguza sauti kwenye simu au chanzo kingine, rudisha besi katikati, zima kile kitufe cha kuongeza besi kwa sauti ya chini, kisha pandisha volyumu taratibu hadi sauti ianze kukwaruza. Rudi nyuma kidogo na ubandike alama ya utepe hapo.

Kabla ya kufunga twita ya tatu, mwambie fundi apime kapasita ya krosova. Ikiwa imepiga shoti, besi yote inapita kwenye twita na hata mpya haitamaliza wiki. Abadilishe kwa thamani ileile ya mikrofaradi, isiyo na upande wa chanya wala hasi, na twita iwe na omu zilezile za awali.