Kutoka sekondari ya wilayani hadi uhadhiri: GPA ya kuilinda tangu mwaka wa kwanza

Kijana aliyemaliza Kidato cha Sita Kibondo au Tunduru akisema anataka kuwa mhadhiri, cha kwanza watu humwuliza alipata divisheni gani. Divisheni kazi yake ni kukuingiza chuo. Ukishasajiliwa, kinachoamua kama utakuja kufundisha chuo kikuu ni GPA, yaani wastani wa alama zako zote, ya shahada ya kwanza. Matangazo ya nafasi za mkufunzi msaidizi, ile ngazi ya kuanzia ambayo vyuoni huitwa TA, kwa kawaida hutaka GPA isiyopungua 3.8 kati ya 5 kwenye vyuo vikuu vya umma. Nafasi ya mhadhiri msaidizi mara nyingi huongeza sharti la 4.0 kwenye uzamili. Daraja la pili la juu linaanzia 3.5, kwa hiyo kuna vijana wengi wenye 3.6 na 3.7 waliofaulu vizuri, wakapongezwa na ndugu, kisha wakakuta tangazo haliwahusu. Inauma, kwa sababu wengi wao huisikia 3.8 kwa mara ya kwanza wakiwa mwaka wa tatu.

Kuingia chuo kuna njia zaidi ya moja, na ya kuzunguka haina aibu. Kiwango cha chini cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kwa mwenye Kidato cha Sita ni principal mbili, yaani ufaulu wa A hadi E kwenye masomo mawili makuu, zenye jumla ya pointi 4, kwa hesabu ya A 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Hicho ni kizingiti tu. Kila kozi ina masharti yake, nayo yameandikwa kwenye mwongozo wa udahili wa mwaka husika. TCU hutoa miongozo miwili, mmoja wa waliotoka Kidato cha Sita na mwingine wa wenye diploma, kwa hiyo hakikisha unasoma ule unaokuhusu. Ukikosa pointi, ipo diploma ya chuo cha kati: ukimaliza NTA 6, ngazi ya diploma, kwa GPA ya 3.0 na una pasi nne za Kidato cha Nne, unaruhusiwa kuomba shahada, ingawa kozi za afya na uhandisi huweza kudai zaidi. Ipo pia kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, ambayo nayo hutaka umalize kwa 3.0.

Hapa ndipo penye habari njema kwa aliyepitia njia ndefu. Shahada ikianza, hesabu inaanza upya. Hakuna anayejumlisha D zako za Kidato cha Sita kwenye GPA ya chuo. Aliyetoka diploma na aliyetoka Kidato cha Sita na divisheni one wanaanza wote sifuri, na mara nyingi yule wa diploma ameshazoea maabara, ripoti na hesabu za fani yake.

Sasa tuipige hiyo hesabu kwa mfano. Chukua mwaka wenye krediti 120, kozi kumi za krediti 12 kila moja, chuo ambacho A ni 5, B+ ni 4, B ni 3 na C ni 2. Ukipata B+ tisa na C moja, jumla ni 38, ukigawa kwa 10 unapata 3.8. Uko salama, kwa unywele. Ukipata B+ nane na C mbili, unashuka hadi 3.6. Sasa kumbuka kwamba kwenye vyuo vingi sapu, mtihani wa kurudia kozi uliyofeli, haivuki C, hata ukiifanya ukapata alama 85. Sapu mbili katika mwaka mmoja zinatosha kukutoa, hata kama kozi nyingine zote umepata B+. Ndiyo maana anayesema "nitaisapu" anazungumzia kubaki chuoni. Uhadhiri ni habari nyingine.

Na ukiharibu mwaka wa kwanza? Kwa shahada ya miaka mitatu yenye krediti sawa kila mwaka, aliyepata 3.2 mwaka wa kwanza anahitaji wastani wa 4.1 kwa miaka miwili iliyobaki ili afike 3.8. Hiyo inawezekana. Aliyefika mwisho wa mwaka wa pili akiwa na 3.4 anahitaji 4.6 mwaka wa tatu, na hapo wanafika wachache sana. Zingatia pia kwamba kuna vyuo vinavyokata tarakimu bila kukadiria: 3.79 inaandikwa 3.7.

Mwaka wa kwanza huwaponza watoto wa wilayani kwa sababu zinazojulikana. Boom, ile pesa ya kujikimu ya mkopo wa elimu ya juu, likiingia, la kwanza liwe kompyuta mpakato, hata iliyotumika. Kazi ya darasani huwa na uzito mkubwa, vyuo vingi ni 40 kwa 60 za UE, mtihani wa mwisho wa muhula, na anayesubiri kuazima mashine ya mwenzake huwasilisha usiku wa mwisho. Kiingereza cha kuandika insha ya kitaaluma hakifundishwi sekondari, kwa hiyo omba makala mbili ambazo mwalimu wa kozi anaziamini, uone aya inavyojengwa na chanzo kinavyotajwa. Ukinakili, programu ya kukagua wizi wa maandishi itakukamata. Pitia pia mitihani ya miaka iliyopita tangu wiki ya pili, si wiki ya UE. Kazi ya mikono siyo ya kudharau, lakini ukiwa na kibanda cha kuuza vocha, usikifungue saa za vipindi.

Mwaka wa tatu, kwenye utafiti wako tanguliza kuchagua msimamizi kuliko mada. Mtafute anayerudisha rasimu, maana yeye ndiye atakayeandika barua ya udhamini utakapoomba uzamili, na barua isiyotaja kazi yako kwa undani haina nguvu. Unahitaji wadhamini wawili au watatu. Wasiokufahamu usoni hawatakusaidia.

Mwenye 3.5 hadi 3.7 asikate tamaa, ila abadilishe njia. Taasisi za utafiti huajiri wasaidizi wa utafiti kwenye miradi, na hapo unapata uzoefu na majina kwenye machapisho. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola hutaka daraja la pili la juu. Erasmus Mundus, ufadhili wa uzamili wa Umoja wa Ulaya, huombwa moja kwa moja kwa programu husika, na nyingi hufunga kati ya Oktoba na Januari. Ukipata PhD, bado soma tangazo la kazi neno kwa neno, kwa sababu mengi huuliza GPA za ngazi zote. Uzamili wa tasnifu peke yake huweza usiwe na GPA, kwa hiyo uliza kabla ya kujiandikisha. Shahada ya nje lazima itambuliwe na TCU, na ni busara kuuliza kabla ya kupanda ndege.

Umri nao unahesabiwa. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kwa kawaida huweka ukomo wa miaka 45 kwa asiye mtumishi wa umma. Aliyepitia diploma, akafanya kazi miaka kadhaa na kurudi shahada, anapaswa kupanga nyuma kutoka hapo: uzamili ni miaka miwili, PhD ni mitatu au minne ikienda sawa, na mara nyingi haiendi sawa.

Mwisho, vyeti. Kwenye mfumo wa maombi ya kazi wa Sekretarieti hiyo, matokeo ya muda, barua za kuhitimu na nakala zisizothibitishwa hazipokelewi. Jina likitofautiana kati ya cheti cha kuzaliwa, cha Kidato cha Nne na cha shahada, ombi linaweza kuondolewa mapema kabisa. Linganisha herufi kwa herufi, Mwajuma na Mwanajuma si mtu mmoja kwa mfumo, na utengeneze kiapo au hati ya kubadili jina wakati bado huna tangazo lenye siku kumi na nne za mwisho. Anza na cheti cha kuzaliwa.