Vidonge vya Kufukuzia Nondo Visikae Chumba cha Kulala

Kwa miaka kadhaa nilihifadhi vitenge na mablanketi katika sanduku la bati chini ya kitanda, nyumbani kwetu Ujiji, nikitia humo vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo na mende, na kichwa kilichoniuma kila asubuhi nikakisingizia joto. Siku moja nilisahau kidonge juu ya kisosi. Kila nilipokitazama kilikuwa kimepungua, lakini kisosi kilibaki kikavu kabisa. Kidonge hicho hugeuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji kwanza, na mvuke huo ndio ile harufu tunayoivuta usiku kucha tukiwa tumefunga madirisha kwa kuogopa mbu.

Vingi kati ya vidonge hivyo ni paradiklorobenzeni, yaani pete ya kaboni sita iliyobeba atomi mbili za klorini. Mvuke wake huwasha macho na pua, huweza kudhuru ini, na wataalamu wa kimataifa wa saratani wameiweka katika kundi la 2B, la vitu vinavyoshukiwa kuisababisha. Vingine ni naftalini, ambayo huvunja chembe nyekundu za damu, hasa kwa watoto waliorithi upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachozilinda chembe hizo. Ukitaka kuvitofautisha, koroga chumvi ya Uvinza katika maji ya uvuguvugu mpaka igome kuyeyuka, kwenye chombo usichokilia chakula, kisha tumbukiza kidonge: naftalini huelea, paradiklorobenzeni huzama.

Kosa lililoniuma zaidi nililifanya stoo, nilipoweka vidonge karibu na dumu la mawese ambalo kifuniko chake kilikuwa kimelegea. Kemikali ya vidonge hivi, iwe ya aina ipi kati ya hizo mbili, huyeyuka kwa shida sana katika maji, lakini katika mafuta huyeyuka upesi, na mawese yale yaliinyonya hata nikalazimika kumwaga dumu zima. Kwa sababu hiyohiyo, mtoto akimeza kidonge msimpe maziwa wala mafuta, ingawa wengi wetu ndivyo tulivyolelewa, kwani mafuta huisaidia kupenya mwilini. Mpelekeni hospitali mara moja pamoja na pakiti yake.

Sasa nguo nazifua, nazianika juani hadi zikauke kabisa, na kuzifungia kwenye sanduku bila kidonge chochote. Anayelazimika kuvitumia avifungie ndani ya sanduku lisilopitisha hewa, mbali na chakula na vyumba vya kulala, na nguo za mtoto mchanga zisikae humo kamwe.