Je, mafuriko ya Mathare yalikuwa hukumu ya Mungu?

SWALI: Mwalimu, hujambo? Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza maharagwe na mahindi Mathare. Mwaka wa 2024, mwezi wa nne, maji ya mto yalituingilia nyumbani usiku. Tulitoka na watoto tu. Magunia mawili ya maharagwe yaliharibika, na ile nyumba leo haipo. Juzi kwenye mkutano wa hema, mhubiri anayejiita nabii alisema mafuriko yale yalikuwa hukumu ya Mungu kwa watu wa mtoni kwa sababu ya pombe na uasherati, na kwamba yeye anafanya kazi ileile ya Yeremia na manabii wa Israeli. Anayetaka laana imwondokee apande mbegu ya shilingi 5,000. Mimi sinywi pombe, Mwalimu, lakini tangu siku hiyo silali vizuri. Kweli manabii walikuwa hivyo? Nitoe hiyo pesa?
— Mama wa Mathare

JIBU: Mama, pole. Pole ya maji, na pole ya maneno uliyotupiwa baada ya maji. Nimefundisha somo la dini miaka 31 hapa Eastlands, na barua yako nimeisoma mara mbili kabla ya kushika kalamu.

Pesa usitoe. Sasa nikueleze, kwa sababu wewe ni mtu wa nafaka na utanielewa upesi.

Mwaka mmoja nilienda Nyamakima kununua maharagwe ya shughuli ya nyumbani. Nikapimiwa gorogoro sita, lile kopo la kupimia nafaka. Mke wangu akapima upya kwa gorogoro lake, zikatoka tano na konzi moja. Kesho yake nilirudi nikaomba nilione lile kopo. Kitako chake kilikuwa kimegongwa kwa nyundo kikaingia ndani, kimebonyea kama kiganja. Kwa nje kopo zima. Likijazwa maharagwe huoni chochote.

Kopo hilo nabii Amosi alilijua. Katika kitabu chake, sura ya nane, anawakemea wafanyabiashara wanaongoja Sabato iishe ili wauze nafaka, wakipunguza efa na kuiongeza shekeli. Efa ilikuwa kipimo cha nafaka, shekeli ilikuwa uzito wa kupimia fedha. Kwa hiyo maskini alipunjwa mara mbili, kwenye nafaka anayopewa na kwenye fedha anayotoa, kisha akachanganyiwa na takataka za ngano. Akishindwa kulipa ananunuliwa yeye mwenyewe kwa bei ya jozi ya viatu. Ona mahali hukumu ya Mungu ilipoelekezwa, mama: kwa mwenye kopo. Mama aliyepunjwa hakukemewa hata kwa neno moja.

Na hayo yalisemwa wakati mambo yamenyooka. Ilikuwa karne ya nane kabla ya Kristo, enzi ya Yeroboamu wa Pili, mfalme wa Israeli, matajiri wana nyumba zilizopambwa kwa pembe za ndovu. Amosi alitoka Tekoa, kusini katika Yuda, akaenda kuyasema kaskazini, Betheli, penye hekalu la mfalme. Kuhani Amazia akamwambia arudi kwao Yuda, akale mkate huko na kutabiri huko. Yaani alimdhania ni mtu wa kutabiri apate kula. Amosi akajibu kwamba yeye ni mchungaji na mkuza mikuyu. Riziki yake ilikuwa kwa mifugo na mikuyu, hakuwa na mbegu ya kuomba kwa mtu. Wale wanaotangaza amani wakitiwa kitu mdomoni na vita wasipotiwa, nabii Mika aliwasema vikali, sura ya tatu. Isome kwa sauti.

Amosi angesimama leo kwenye daraja la Mathare, nadhani angeuliza ni nani aligawa ardhi ya ukingo wa mto, na nani alipokea kodi ya vyumba vile kila mwezi akijua mvua ya masika inakuja. Isaya alikwisha kuwalilia ole wanaounganisha nyumba na nyumba na shamba na shamba hadi pasiwe na nafasi.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo limeniuma zaidi katika barua yako. Onyo la nabii huja mapema, watu wangali na nafasi ya kugeuka. Mika alisema Sayuni, yaani Yerusalemu, italimwa kama shamba. Mfalme Hezekia akamcha Bwana, na mji ukapona. Miaka mia moja hivi baadaye wazee wa Yuda walikuwa bado wanalikumbuka neno lile kwa heshima, na hakuna aliyemwita Mika mwongo eti kwa sababu mji haukulimwa. Na Ninawi ya Yona unaijua: ilionywa, ikatubu, ikaachiliwa. Huyo wa hema alikuwa wapi kabla ya mwezi wa nne?

Yeremia aliionya Yerusalemu karibu miaka 40, huku akiwalilia watu wake. Mji ulipozingirwa na Wababeli, wakuu walimshusha kwa kamba ndani ya shimo lisilo na maji, lenye matope, naye akazama katika matope yale. Aliyemwokoa ni mgeni, Ebedmeleki Mkushi. Alimshushia matambara makuukuu ayaweke kwapani, kamba zisimchubue, ndipo akamvuta. Basi mtu akikuonyesha matope yaliyoingia nyumbani kwako akasema ni alama ya dhambi yako, kumbuka nani alikuwa kwenye matope siku ile na nani alikuwa juu penye pakavu.

Yerusalemu ilianguka mwaka 586 kabla ya Kristo. Habari ilipomfikia nabii Ezekieli uhamishoni Babeli, maneno yake yakageuka: akaanza kusema juu ya kondoo waliotawanyika watakaotafutwa na kufungwa majeraha, na mifupa mikavu itakayoinuka. Na katika Isaya 40 sauti inasema, watulizeni mioyo watu wangu. Hayo ndiyo uliyostahili kusikia kwenye hema lile.

Zile 5,000 zirudishe kwenye mtaji wa maharagwe. Na usiku usingizi ukikataa, fungua Yeremia 38, usome polepole hadi pale pa matambara.