Kabla ya kuita tingatinga

Swali: Nimerithi godauni Eneo la Viwanda. Fundi amenichorea bedsita 64. Nianze lini? (Embakasi)

Jibu: Usianze. Nimeuona mchoro. Vyumba vyote vya katikati havina dirisha, vinapumulia koridoni. Godauni lilijengwa kwa ajili ya magunia, na magunia hayahitaji upepo. Ondoa mabati ya katikati upate ua, vyumba viuzunguke, kila kimoja na dirisha lake. Utapoteza kumi na kitu, lakini utapata wapangaji wasiohama kila baada ya miezi mitatu. Nguzo na vyuma vya paa viache, huo ndio urithi wenyewe. Kisha nenda kaunti ukaombe kubadilishiwa matumizi ya ardhi; kiwanja cha viwanda hakigeuki makazi kwa kupakwa rangi. Paa likiwa la asbesto, vijana wa mtaa wasilipande na nyundo. Vumbi lake huua polepole, na kuna wenye leseni ya kuliondoa.

Hukuuliza hili, ila ulizia humo kuliwekwa nini. Juzi nilikwaruza sakafu ya godauni moja kwa ufunguo, ukatoka na mafuta meusi. Hapo ndipo mtoto wa mpangaji atatambaa.

Swali: Ukarabati ni shilingi ngapi kwa futi ya mraba? (wasomaji saba, wiki hii pekee)

Jibu: Wa nyumba gani, jamani?

Swali: Je, ni kweli Ufaransa hawabomoi nyumba za zamani? (Buruburu)

Jibu: Wanabomoa sana, ndiyo maana wasanifu majengo wa huko, Anne Lacaton na Jean-Philippe Vassal, wamepigia kelele jambo hilo miaka yote. Kule Bordeaux, mtaa wa Grand Parc, wao na wenzao walikuta maghorofa matatu ya miaka ya 1960, nyumba 530. Badala ya kuyaangusha, waliyabandikia mbele baraza za vioo zenye kina cha mita 3.8, kila familia ikaongezewa sebule ya jua. Wapangaji hawakuhamishwa. Kazi hiyo ilipata tuzo ya usanifu ya Ulaya, ya Mies van der Rohe, mwaka 2019, na wawili hao wakapewa Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu duniani, mwaka 2021.

Sasa nenda Kaloleni, hapa hapa Nairobi. Nyumba za miaka ya 1940, zimepangwa kuzunguka nyasi na miti, watoto wanacheza mama akiwaona kutoka mlangoni. Mabomba yamechakaa, sikatai. Lakini bomba bovu hubadilishwa bomba. Sisi tunataka kuondoa mtaa mzima, tusimamishe minara yenye maegesho pale palipokuwa na kivuli, kisha tuite hayo makazi nafuu. Nafuu kwa nani?

Swali: Nataka kuongeza ghorofa mbili juu ya nyumba ya marehemu baba. Fundi ameipiga ngumi nguzo, akasema itabeba. (Umoja)

Jibu: Pole kwa msiba. Huyo fundi mlipe siku yake aende. Tafuta mhandisi wa miundo aliyesajiliwa, achimbe aone msingi na apime zege. Udongo mweusi huvimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi. Ngumi haiwezi kukwambia hayo. Ghorofa lilipoporomoka Huruma 2016, tulizika watu.

Swali: Mjakaranda uani unaangusha maua. Niukate niweke kabro? (Lang'ata)

Jibu: Nunua ufagio.