Laptop ikitekenya, anza ukutani

Mwaka wangu wa kwanza kwenye ufundi, mteja alileta laptop yenye kava la chuma. Ukipitisha kiganja juu yake inatekenya kama sisimizi wanatembea. Nikambadilishia chaja. Siku ya tatu karudi, nikampa nyingine. Aliporudi tena nikaona aibu, nikamfuata kwake. Nikafungua ekstensheni yake kwa bisibisi: matundu matatu juu, ndani waya mbili tu, kahawia na buluu. Kibati cha ethi, yaani njia ya kupeleka umeme ardhini, kinang'aa, hakijawahi kuguswa na waya.

Mtekenyo unatoka wapi? Ndani ya chaja, kati ya upande wa umeme wa ukutani na upande wa laptop, kuna kapasita ndogo (kifaa cha kuhifadhi chaji), mara nyingi ya buluu, imeandikwa Y1. Inapunguza kelele za umeme, yaani mwingiliano unaosumbua vifaa, ila nayo hupitisha umeme kidogo sana. Ethi ikiwepo, unashuka ardhini bila wewe kujua. Isipokuwepo, unabaki kwenye kava ukimsubiri mwenye miguu peku.

Ukipima kava kwa ethi na mita ya dijitali unaweza kukuta volti 100 na zaidi. Usikimbie, mita yenyewe karibu haivuti umeme, hivyo hata umeme kidogo sana unaonekana volti nyingi. Funga rezista (kizuizi cha umeme) ya kiloomu 10 sambamba na mita, toa mikono, ndipo uwashe soketi. Volti zikianguka hadi mbili tatu, ni mtekenyo wa kawaida. Zikibaki juu, chaja hiyo iende jalalani.

Hapa ndipo mafundi vijana wanapoweza kuua mtu: kapasita ile ikifa wanachomea yoyote ya kauri waliyoikuta kwenye kopo. Ya Y1 imetengenezwa ili ikiharibika ikate njia. Ya kawaida inaweza kupiga shoti, na umeme wa ukutani ukahamia kwenye kava. Wengine huing'oa kabisa. Mtekenyo unaisha, lakini chaja inaanza kelele hizo za umeme na mshale unarukaruka kwenye skrini.

Chaja ya pini mbili, yenye alama ya mraba ndani ya mraba, haina ethi kwa makusudi. Hiyo itatekenya kidogo hata kwenye nyumba iliyofungwa umeme vizuri. Mwambie mteja hivyo hivyo, usimuuzie kitu.

Yule wangu nilimwekea waya wa nyuzi tatu kwenye ekstensheni, kazi ya dakika kumi. Hela ya chaja moja nilimrudishia. Ya pili nilikuwa nimeshaila.